UZI: Mlioiacha The Office ya Marekani kwenye episodi za mwanzo, rudini tuongee

Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu.

Kila ukianza mjadala wa komedi za nje humu jamvini lazima atokee mtu aseme The Office ya Marekani aliifungua, akaangalia episodi moja au mbili, yule bosi akamkera, akafuta na simu ikapata nafasi. Siwalaumu hata kidogo, sizoni ya kwanza ni ngumu kumeza. Ila nimeifuatilia hii kitu miaka mingi sasa, ile ya Uingereza na hii ya Marekani, na naumia nikiona watu wanaiacha pale pale ilipokuwa bado inajitafuta. Kwahiyo leo nataka nieleze kwa kirefu ilivyoponea chupuchupu, na kitu gani hasa kiliiokoa, maana watu wengi wanadhani waliongeza vichekesho tu ikawa tamu. Sio hivyo.

Kwa ambao hawaijui kabisa: ni komedi inayoigizwa kama dokumentari. Kuna kampuni ya kuuza karatasi inaitwa Dunder Mifflin, tawi lake liko mji wa Scranton, jimbo la Pennsylvania, na kuna watu wa kamera ambao hatuwaoni wamekuja kurekodi maisha ya pale ofisini. Wafanyakazi wanajua wanarekodiwa, wanaitwa mmoja mmoja pembeni wanaeleza yaliyo moyoni, wengine wanaitazama kamera katikati ya kikao kama wanaomba shahidi. Hakuna kile kicheko cha kupachikwa kinachokwambia hapa cheka. Bosi wa tawi ni Michael Scott, kaigiza Steve Carell, mtu anayetaka kupendwa kuliko anavyotaka kazi iende.

Sasa asili yake ni Uingereza. Ricky Gervais na Stephen Merchant ndio waliiandika, ikaanza kuonyeshwa BBC Two Julai 2001, kampuni pale ilikuwa Wernham Hogg na ofisi iko Slough. Mwanzoni watazamaji walikuwa wachache, watu hawakuelewa wanaangalia nini, ikaja kushika baadaye iliporudiwa na watu walipoanza kuambizana. Mpaka wanaimaliza mwaka 2003 walikuwa wametengeneza episodi 14 tu ukihesabu na zile mbili za Krismasi. Kumi na nne! Na Januari 2004 wakaenda Marekani wakabeba tuzo ya Golden Globe ya komedi bora, na Gervais mwenyewe akabeba ya muigizaji. Hapo ndipo kila mtu duniani alipojua hii ofisi ipo.

Wamarekani walishaanza kuitamani kabla ya hapo. Greg Daniels, ambaye alishaandika sana komedi huko kwao, akapewa kazi ya kuihamisha, na televisheni ya NBC wakaonyesha episodi ya kwanza tarehe 24 Machi 2005. Hapa ndipo tatizo lilipoanzia. Ile episodi ya kwanza ilichukuliwa karibu yote kutoka kwenye skripti ya Uingereza, utani ule ule, hata stepla kuwekwa ndani ya jeli ni ile ile. Sasa mtu aliyeipenda ya Slough akaona anaibiwa, na mtu ambaye hajawahi kuiona ya Slough akaona bosi katili anamfanyia Pam, dada wa mapokezi, utani wa kumfukuza kazi mpaka analia. Siku ya kwanza waliangalia zaidi ya milioni 11, wiki iliyofuata wakapungua karibu nusu. Magazeti mengi yakasema hii haifiki mbali. Sizoni ikaisha na episodi sita tu.

Ila sizoni ya pili ilipokuja Septemba 2005, episodi ya kwanza inaitwa The Dundies, kaiandika Mindy Kaling ambaye ndani ya tamthilia ndio Kelly. Naomba niikae hii episodi kidogo maana kwangu mimi ndio roho ya uzi wote.

Michael kila mwaka anawapa wafanyakazi tuzo za kienyeji kwenye mgahawa wa Chili's, anajinunulia zile sanamu ndogo, anashika maiki, anaimba, anatania. Wafanyakazi hawataki kabisa kwenda, wanaenda kwa kulazimika. Anaanza kuongea na utani wake mbovu kama kawaida, wanakunja sura. Halafu kuna wateja wengine pale mgahawani, watu baki, wanaanza kumzomea na kumrushia vitu. Angalia uso wa Carell hapo. Tabasamu linabaki mdomoni lakini macho yanazima, anasema tumalizie hapa, anataka kushusha maiki. Ndipo Pam, yule yule aliyelizwa kwenye episodi ya kwanza kabisa, anaanza kumshangilia, Jim, muuzaji anayempenda Pam kimyakimya, anadakia, na meza nzima inaitikia aendelee. Watu waliokuwa hawampendi nusu saa iliyopita wanamtetea mbele ya wageni.

Hapo ndio ilipobadilika. Hawakumfanya Michael awe na akili wala awe mpole, bado ni yule yule wa kukera. Walichofanya ni kutuonyesha kwamba ofisi imemkubali, ni mjinga wao, na mtu wa nje hana ruhusa ya kumdhalilisha. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye familia yenye mjomba wa aina hiyo anaelewa papo hapo.

Na tusisahau, Agosti 2005, mwezi mmoja kabla ya hiyo sizoni, Carell alikuwa ametoka kwenye filamu ya The 40-Year-Old Virgin ikafanya vizuri mno sinema, watu wakampenda kwa ule utu wake. Greg Daniels akaona, kumbe tuna mtu anayependeka halafu tunamvalisha ukatili. Hata nywele zake ukilinganisha sizoni ya kwanza na ya pili utaona walimbadilisha.

Karibuni tujadili, na wale wa Uingereza ndio bora najua mpo, njooni.

---

Mdau wa Mwanza

Nimekuja mkuu, hukukosea kutuita.

Kwa heshima zote, umeeleza vizuri lakini umeeleza jinsi Wamarekani walivyolainisha kitu. Ya Slough haikutaka umpende David Brent, bosi wa kule. Ilitaka ukae naye chumba kimoja ukose pa kuangalia. Ile siku anacheza dansi mbele ya wafanyakazi kwenye sizoni ya pili, hakuna muziki wa maana, anajirusha mwenyewe na kila mtu anaangalia chini, ile ni ujasiri wa uandishi ambao Marekani hawakuwahi kuufikia kwa episodi zao zote 201.

Halafu mapenzi. Jim na Pam ni wazuri sawa, lakini mkuu umesahau Tim na Dawn, wenzao wa Slough? Episodi ya mwisho ya sizoni ya pili Tim yuko anaongea na kamera anatoa maelezo ya kujifariji kwamba yameisha, ghafla anasimama katikati ya maneno yake, anatoka, anaenda kumwita Dawn chumba cha mikutano, kamera inamkimbilia lakini mlango umefungwa. Tunawaona kwa dirishani. Na Tim anaichomoa maiki yake. Sauti inakata! Hatusikii chochote. Tunaona tu midomo, anamkumbatia, kisha anarudi kwenye kiti, anavaa maiki, anasema amekataa. Hapo wametumia hiyo dokumentari kama dokumentari kweli, mtu anaamua hili hamtalisikia. Niambie Marekani wana kitu kama hicho.

---

Mleta uzi

Mkuu hiyo ya kuchomoa maiki sina la kubisha, ni moja ya vitu bora kuwahi kufanywa kwenye aina hii ya komedi na nakushukuru umeileta.

Ila wana cha kwao. Kuna episodi ya sizoni ya pili inaitwa Booze Cruise, ofisi nzima imepandishwa kwenye boti wakati wa baridi, Jim na Pam wanajikuta wako peke yao nje kwenye sitaha. Pam ana mchumba mwingine. Jim anataka kusema. Na hasemi. Wanakaa kimya sekunde 27 nzima, kamera iko mbali inawachungulia, hakuna muziki. Kwenye televisheni ya biashara ya Marekani, muda wa watazamaji wengi usiku wa Alhamisi, sekunde 27 bila neno ni kitu kikubwa sana, mtu nyumbani anaweza kudhani TV imekwama. Walithubutu.

Kuhusu kulainisha, nakubali wamelainisha lakini nitakwambia kwanini ilibidi. Uingereza walijua wanaenda episodi 12 na Krismasi basi. Unaweza kukaa na mtu asiyependeka kwa masaa saba. Marekani walikuwa wanatakiwa kutoa episodi ishirini na kitu kwa mwaka, miaka na miaka. Mtu kama Brent ukimleta sebuleni kwa watu kila wiki kwa miaka saba watakufukuza. Kwahiyo ilibidi wampe Michael kitu kimoja anachokiweza. Na walichochagua ni cha akili kweli: ni muuzaji hodari.

Angalia episodi inaitwa The Client. Michael na bosi wake Jan wanakutana na mteja mkubwa, Jan amepanga kikao cha kibiashara chenye heshima zake, Michael anakihamishia Chili's bila kuomba ruhusa. Anaimba tangazo la mbavu, anapiga stori, masaa yanapita, Jan anachanganyikiwa, anamuona huyu anaharibu kila kitu. Kumbe mwenzake anamsoma mteja. Usiku ukishaingia, wamekunywa, wameshakuwa washkaji, ndio Michael anageuka, sauti inashuka, anaanza kuongelea watu wa eneo lile watakaokosa kazi, na dili linafungwa. Uso wa Jan pale! Kwa mara ya kwanza unaelewa kwanini kampuni haijamfukuza huyu mtu. Alikuwa muuzaji bora wakampandisha cheo akawa meneja mbovu. Hicho kitu kipo ofisi zote duniani, mtu hodari kwenye kazi yake anapewa ukubwa ambao hauwezi.

---

Nairobi Kijana

Maze hii thread iko sawa kabisa. Mimi niko Nairobi na ningetaka kuongeza kitu kuhusu hiyo style ya kuongea na kamera, isikae kama ni kitu geni kwetu. The Real Househelps of Kawangware ya KTN ilikuwa inatumia hiyo hiyo, mahousehelp wanaletwa mbele ya kamera wanatoa ya moyoni, alafu unarudishwa kwa scene unaona venye mambo ilienda kinyume na venye amesema. Na watu waliipenda sana, walicheka bila kuuliza hii style imetoka wapi.

Na kuna Papa Shirandula ya Citizen, hiyo haikuwa na kamera ya dokumentari lakini kwa maoni yangu ndio komedi ya kazi bora tumewahi kuwa nayo. Mtu ni soja wa geti lakini bibi yake anajua mzee anafanya ofisi kubwa, anatoka nyumbani na suti, akifika job anabadilisha anavaa yunifomu. Marehemu Charles Bukeko alikuwa anabeba hiyo siri kwa uso tu. Alipofariki 2020 nchi nzima ilihuzunika. Naskia uchungu sana kwamba hatuna mtu ameandika kwa urefu kuhusu hiyo kazi venye Wamarekani wameandika kuhusu ofisi yao ya karatasi.

Swali langu sasa: ni nini iliwasaidia wakaendelea kama ratings zilikuwa chini hivyo?

---

Mleta uzi

Asante sana kaka wa Nairobi, Papa Shirandula umenigusa, na suti ya asubuhi kubadilishwa kuwa yunifomu ni wazo ambalo Greg Daniels mwenyewe angelinunua.

Swali lako lina majibu zaidi ya moja. Carell kuwa staa wa sinema ghafla, hiyo moja. NBC wasingemuacha mtu ambaye filamu yake inajaza majumba. Lakini kuna jambo lilitokea ambalo kwa wakati ule lilikuwa jipya kabisa: Desemba 2005 NBC walianza kuuza vipindi vyao iTunes, duka la mtandaoni la Apple, episodi moja dola 1.99, na The Office ikawa miongoni mwa zinazonunuliwa sana. Ndio wakagundua kuna vijana, wanafunzi wa vyuo, wafanyakazi wa ofisi wenyewe, ambao hawakai mbele ya TV Alhamisi usiku lakini wanaipenda mno kiasi cha kutoa hela. Vipimo vya kawaida vya watazamaji vilikuwa haviwaoni hawa watu. Mwaka uliofuata, 2006, ikabeba tuzo ya Emmy ya komedi bora. Kutoka kuambiwa haifiki mbali mpaka komedi bora ya nchi, mwaka mmoja na nusu.

Na jambo linaloniuma mpaka leo: Carell aliteuliwa Emmy ya muigizaji bora mara sita kwa hii kazi, hakupewa hata moja. Hata moja wakuu. Ukiangalia The Dundies, ukaangalia The Client, ukaja kuangalia Goodbye, Michael ya mwaka 2011 anapoondoka, huwezi kuelewa walikuwa wanaangalia nini.

---

Shangazi Tanga

Wanangu nimesoma yote, mmeandika vizuri. Mimi binti yangu ndio alinianzishia hii kitu tukiwa tunaangalia wote jioni. Lakini nilikwama episodi ile ya mafunzo ya ubaguzi, jamaa anawabandikia watu kadi za rangi na makabila kwenye paji la uso. Nikamwambia zima. Mnaipenda vipi kazi yenye maneno kama yale? Nauliza kwa nia njema.

---

Mleta uzi

Shikamoo shangazi, na swali lako ni la maana sana, hata huko kwao limeulizwa sana na linaendelea kuulizwa.

Hiyo episodi ni Diversity Day, ya pili kabisa. Naomba niieleze nikiwa nimeiangalia kwa makini. Makao makuu wamemtuma mtaalamu wa mafunzo, mtu mweusi, kaigiza Larry Wilmore, ambaye pia alikuwa mmoja wa waandishi wa tamthilia. Kwanini ametumwa? Kwa sababu Michael mwenyewe alirudia utani wa mchekeshaji mweusi wa kule na watu wakalalamika. Yule mtaalamu anafanya kazi yake vizuri, na anataka saini ya Michael peke yake, wengine wote ni kumficha tu asiaibike. Michael haelewi au hataki kuelewa, anaamua kuendesha mafunzo yake, ndio hizo kadi. Sasa angalia nani anachekwa. Kamera haiwachungulii wale wenye kadi kuwacheka, inakaa kwa Michael anavyozidi kujizamisha. Stanley, mtu mzima mweusi aliyekaa pale kimya, kadi gani kabandikwa na anavyomtazama, hiyo peke yake inatosha. Na mwisho Michael anaigiza lafudhi ya Kihindi mbele ya Kelly, mwenye asili ya huko, na Kelly anamzaba kofi. Na hakuna anayemtetea Michael.

Kwahiyo kwa upande wangu ile episodi iko upande wa wanaoumizwa. Lakini shangazi ulivyojisikia ni halali kabisa, maana ni kali na imewekwa ya pili, kabla mtu hajawajua hawa watu. Ingekuja sizoni ya pili au ya tatu ungeshawajua Stanley na Kelly, ungejua wana ulimi na msimamo. Kwa mtu anayeanza, ni sababu nyingine ya kuruka sizoni ya kwanza kwanza.

---

Mwalimu wa Kata

Habari wadau. Nimechelewa kuuona uzi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nataka niwape pendekezo kwa wale wanaoipenda aina hii lakini mambo ya karatasi na mauzo hayawagusi. Tafuteni Abbott Elementary.

Ilianza televisheni ya ABC ya Marekani Desemba 2021, kaiandika na kuigiza Quinta Brunson. Shule ya msingi ya serikali mjini Philadelphia, wanafunzi wengi weusi, hakuna hela, na watu wa kamera wamekuja kurekodi. Mama yake Brunson alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na jina Abbott kalitoa kwa mwalimu wake aliyemfundisha darasa la sita. Inaonekana! Huwezi kuandika vile kama hujakulia pembeni ya mwalimu.

Episodi ya kwanza yote inahusu zulia. Zulia tu. Mtoto kajikojolea kwenye zulia la darasa, mwalimu Janine anaomba jipya, anaambiwa hakuna fungu. Baadaye hela zinakuja kweli, na mwalimu mkuu anazitumia kutengeneza bango la shule lenye sura yake mwenyewe. Niliposhuhudia ile sehemu nilisimamisha video nikamwita mwenzangu wa ofisini aje aone. Nimewahi kufundisha mahali ambapo chaki na manila tunanunua wenyewe kwa mshahara, halafu siku ya mgeni rasmi zinapatikana hela za mapambo na maji ya chupa. Mwishowe mazulia yanapatikana, lakini kwa njia ya wale walimu wakongwe, mmoja anamjua mtu anayefanya kazi uwanja wa mpira, unajua tena. Ndivyo shule zinavyoendeshwa wakuu, kwa kujuana kwa walimu wakubwa na huruma.

Yule mwalimu mkongwe Barbara, kaigiza Sheryl Lee Ralph, alipewa Emmy mwaka 2022. Mwanamke mweusi wa pili tu kupata tuzo hiyo ya muigizaji msaidizi wa komedi, wa kwanza alikuwa Jackée Harry mwaka 1987. Alipoitwa jukwaani hakuanza kwa hotuba, alianza kwa kuimba. Nililia.

---

Mdau wa Mwanza

Mwalimu umenifanya niitafute leo leo. Na nimegundua kitu, kumbe yule Randall Einhorn aliyeongoza hiyo episodi ya kwanza ya Abbott ndio huyo huyo aliyekuwa anashika kamera The Office. Sasa naelewa kwanini kamera yake inatembea vile.

---

Mleta uzi

Ndio yeye mkuu, na hapa ndipo nilipotaka tufike. Einhorn alitokea kwenye Survivor, kile kipindi cha watu kuachwa kisiwani. Mtu aliyezoea kukimbizana na matukio ambayo hayajapangwa. Ndio maana kamera ya The Office inachelewa kidogo kufika, inachungulia kwenye mapazia ya dirisha la ofisi, inamvuta mtu kutoka mbali wakati yeye anadhani haonekani. Sio mapambo. Mtu akiwa mbele ya kamera anasema hiki, akidhani kamera imeondoka anafanya kile, na ukweli wake uko katikati ya hivyo viwili. Michael kwenye kiti cha maelezo anajisifia, lakini kamera inamkuta kwenye maonyesho ya michoro ya Pam, episodi inaitwa Business School, watu wote wa ofisi wameshindwa kuja au wamekuja wakamkejeli, Pam anafungasha michoro yake ukumbi ukiwa mtupu. Michael anafika amechelewa. Anaikuta picha ya jengo lao la ofisi aliyoichora Pam. Anaishangaa, anauliza bei, anamwambia anajivunia yeye. Pam anamkumbatia. Hajui kusema kitu cha busara yule mtu, ila alikuja. Ile picha ikaja kutundikwa pale ofisini na ikabaki ukutani miaka yote mpaka tamthilia inaisha 2013.

Mwalimu, asante kwa Abbott. Tofauti naiona hivi: Abbott inawapenda watu wake tangu dakika ya kwanza kwa sababu The Office ilishalipa ada ya kujifunza hilo. Brunson hakuhitaji kupita kwenye ule ukatili wa sizoni ya kwanza.

---

Nairobi Kijana

Na hizi za mwisho mwisho je? Watu wanasema baada ya Michael kuenda ikafa.

---

Mleta uzi

Haikufa ila ilipungukiwa damu. Sizoni ya nane na ya tisa walijaribu mabosi, wakamleta James Spader ambaye ni muigizaji mkali kweli, lakini alikuwa wa ajabu kiasi kwamba huwezi kumtetea mbele ya watu baki. Rudi kwenye The Dundies utaelewa nasema nini. Na sizoni ya tisa wakamleta mtu wa sauti wa ile timu ya dokumentari aonekane kwenye skrini na kujiingiza kwenye ndoa ya Jim na Pam, mashabiki wengi walichukia, na mimi ni mmoja wao. Ukishamuona aliyekuwa nyuma ya kamera unaanza kumfikiria yeye badala ya kuwaangalia wale. Lakini episodi ya mwisho kabisa waliimaliza kwa heshima, sitawaharibia.

Kitu cha kushangaza ni kwamba umaarufu wake mkubwa zaidi ulikuja imeshaisha. Mwaka 2020 watu wako ndani kwa corona, Nielsen, kampuni ya kupima watazamaji, wakahesabu Wamarekani wameiangalia kwa intaneti dakika bilioni 57, zaidi ya kipindi kingine chochote mwaka ule. Watu wamefungiwa nyumbani hawaendi ofisini halafu wanaangalia ofisi. Nadhani walikuwa wamekosa watu zaidi ya kazi, wale wenzako ambao hukuwachagua, unakaa nao kutwa.

---

Shangazi Tanga

Haya mwanangu umenishawishi. Nianzie wapi basi, maana kule mwanzo sirudi.

---

Mleta uzi

Shangazi anza na The Dundies, sizoni ya pili episodi ya kwanza, tena angalieni pamoja na binti. Ikikukalia vizuri nenda moja kwa moja mpaka Casino Night, ile ya kufunga sizoni, kaiandika Carell mwenyewe, hapo Jim na Pam watakukosesha usingizi. Sizoni ya tatu na ya nne ndio kilele, kuna episodi ya chakula cha jioni nyumbani kwa Michael na Jan inaitwa Dinner Party, usiiangalie ukiwa peke yako. Ile ya ubaguzi iangalie baadaye ukishamjua Stanley. Na mkimaliza yote kuna The Paper ya 2025, timu ile ile ya dokumentari imehamia gazeti dogo la Toledo, Ohio, na Oscar wa uhasibu yupo, hajafurahi hata kidogo kuwakuta tena na kamera zao. Mdau wa Mwanza wewe fungua uzi wa Slough, nitakuja kuchangia.